Tele ya Mistari Elfu Moja na Themanini

Jumamosi, 22 Novemba 2008

Mimi Chola, baba yake Mado, wa Ruashi, nimezaliwa na bahati, na bahati yangu haina likizo. Wengine mama zao waliwapa maziwa tu. Mimi nilipewa maziwa na bahati kwenye kikombe kimoja. Nimefika Ndola, nimefika Lusaka, nimefika nusu ya Johannesburg (nusu ile nyingine polisi walinirudisha), na kote huko bahati ilitangulia ikanishikia mlango. Shule niliacha mwaka wa pili wa sekondari, lakini aliyechoka ni mwalimu.

Sasa ya leo. Tangu mwezi wa kumi bei ya shaba imeanguka huko ng'ambo, na ikianguka huko inatuangukia sisi vichwani. Viwanda vidogo vya kuyeyusha vinafungwa kila wiki. Chetu kimezima tanuru. Tulibaki wawili tu: mimi wa depo, stoo ya kiwanda, na Kabwe wa tanuru, jirani yangu wa nyumba ya tatu. Patron wetu, mwenye kiwanda, Musyu Wen, alitoka ofisini na valizi moja ya nguo, taksi ikimngoja impeleke uwanja wa ndege wa Luano. Mshahara hakuwa nao. Alikuwa na katoni mbili za tele, televisheni mpya, alizonunulia nyumba ya wageni ambayo haikupata hata paa. Moja inchi arobaini na mbili, imeandikwa Full HD, 1080. Nyingine inchi ishirini na sita, HD Ready, 720. Akasema, "Moja Chola, moja Kabwe, nyinyi chagua." Akalia kidogo. Nami nikalia kidogo, kwa kumsindikiza.

Tukakata karatasi mbili, moja tukaichora msalaba, tukazitia ndani ya kofia ngumu ya Kabwe. Mwenye msalaba anachagua kwanza. Nikafumba macho, nikaingiza mkono wangu wa kuume, mkono ambao hata kwenye karata watu wanaukataa, nikatoa: msalaba! Kabwe akaangalia karatasi yake nyeupe, akacheka chini chini. Nikachukua 1080 bila kupumua. Maskini, alifunga 720 yake nyuma ya baiskeli kama mtu aliyebeba kuku mgonjwa.

Jumapili, 23 Novemba

Mke wangu Dorine alizunguka katoni mara mbili.

"Papa Mado, hii njo mushahara?"

"Inapita mushahara. Iko na mistari elfu moja na themanini."

"Tutaipika na majani ya sombe, ao tutaikula hivi hivi?"

Nikamweleza. Picha ya tele ni mistari. Ya Kabwe iko na mia saba na ishirini tu. Mistari ikiwa mingi, unaona hadi mbu aliyekaa kwenye sikio la mchezaji. Dorine akasema yeye mbu wa hapa nyumbani wanamtosha. Halafu akatoa ya moyoni: ku soko ya Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini, Kakule, yule mfanyabiashara aliyetoka Butembo, ana congélateur nyeupe, friza ya kugandisha, na anakubali kubadilisha kitu kwa kitu. Yeye Dorine anataka kuuza tomson, samaki wa barafu. Kila nyumba inakula tomson, kazi iwepo isiwepo.

"Nakupa hii mvua yote," akasema. "Mvua ikikatika, na hii kintu haijaleta hata kitu kimoja mu nyumba, inaenda kwa Kakule, inarudi congélateur."

Nikaapa. Mvua ndiyo kwanza imeanza, na kwetu inanyesha hadi mwezi wa nne. Hadi ikatike, 1080 itakuwa imetulisha sisi na kuku.

Jumanne, 25 Novemba

Nimeiweka sebuleni. Juu, kitambaa cha kufuma cha mama mkwe. Sheria: hakuna mkono wa mtu kwenye kioo. Hata ile ngozi yake ya plastiki ya kiwandani haitoki. Kitu kipya kinabaki kipya. Viti vya harusi yetu viko na plastiki yao mpaka leo, na ndoa bado inadumu.

Ijumaa, 28 Novemba

Umeme hakuna.

Jumamosi, 29 Novemba

Umeme upo, lakini ule mwekundu. Balbu inawaka kama jicho la mlevi. 1080 ilikataa kuamka. Ya Kabwe iliamka. Nimewaeleza majirani kwamba bwana mkubwa haamki kwa kupigiwa mluzi.

Jumapili, 14 Desemba

Leo mchana umeme ulikuja mweupe! Nikaita avenue nzima, mtaa wetu wote. Niliwasimulia kwanza jinsi nilivyovuta msalaba, maana mtu hawezi kuangalia tele bila kujua ilikotoka. Safari hii karatasi zilikuwa tatu na nilisali kwanza. Mtu akamuuliza Kabwe, "Ni kweli?" Kabwe akakubali, "Vile Ba Chola anasema, njo vile."

Nikawasha. Kwaya moja ilikuwa inaimba. Vichwa vyao vilikuwa vipana kama sinia, na nyuso zilikuwa ndani ya kitu kama uji.

"Ba Chola," jirani mmoja akaniuliza kwa heshima zote, "yule wa mbele ni mama ao ni pazia?"

Nikamwambia macho yake yamezoea umaskini.

Alhamisi, 25 Desemba

Noeli. Mvua tangu misa. Watoto wote wa avenue walikwenda kwa Kabwe. Mado wangu pia. Saa kumi Dorine akasema anapeleka chumvi kwa mke wa Kabwe, Ngalula. Chumvi gani ya kukaa saa tatu nzima? Nilikaa na 1080 yangu, sisi wawili. Niliangalia filamu. Nadhani ilikuwa na farasi.

Alhamisi, 1 Januari 2009

Mwaka mpya. Mimi bado mzuri.

Jumatatu, 5 Januari

Kazi hakuna popote. Barabarani watu wanaohama mji wanauza vitanda, makabati, hata mbwa. Mimi naunganisha muuzaji na mnunuzi, napata cha kuweka sufuriani. Kabwe anachukua mapipa matupu, anayakata na kuyapiga nyundo, anatoa mbabula za kupikia kwa mkaa. Nyundo yake naisikia tangu alfajiri. Nimemwambia, wewe ulikuwa fundi wa tanuru kubwa, leo unatengeneza majiko ya akina mama? Akasema, "Ba Chola, moto ni moto." Mtu huyu hana ndoto. Ndiyo maana hakuvuta msalaba.

Jumamosi, 10 Januari

Nilipanda hadi soko la Kenya kumwona Kakule, si kwa kubadilisha! Kwa ushauri tu, kama watu wawili waliotembea dunia. Kakule ni mrefu, wa kanisa, hanywi, na kwenye rafu yake kuna tele nane ambazo hakuna aliyezigusa tangu shaba ianguke. Nikamweleza vichwa vipana, uji, na kila kitu.

"Ndugu Chola, mimi nauza hivi vitu, ningepaswa kukusifia," akasema. "Lakini sitaki kukudanganya. Tele yako ni sahani. Mistari elfu moja na themanini ni ukubwa wa sahani. Bukari, ugali wenyewe, inatoka kwa antena, na antena ya hapa inaleta bukari ya mtoto. Ukiiweka kwenye sahani ya watu kumi, inakuwaje?"

"Inaonekana ndogo."

"Inaonekana aibu. Kwenye sahani ya 720 inaonekana afadhali. Kwenye ile tele ya zamani ya mgongo mkubwa, inajaa kabisa."

"Na nikikaa karibu?"

"Ukikaa karibu utaona vizuri zaidi kwamba hakuna kitu."

"Kwa hiyo mistari haina maana?"

"Ina maana siku wakituma picha kubwa. Siku hiyo itafika, na siku hiyo utakuwa mfalme. Mimi nakuambia ya leo."

Kisha akasema congélateur bado ipo. Kuna hoteli inatafuta tele kubwa ya kutundika ukumbini. Wageni wake hawaiangalii, wanataka tu iwepo. Nikamshukuru, nikamwambia kwamba mtu mwenye bahati habadilishi bahati kwa samaki. Alicheka hadi akashika rafu.

Nyumbani nimesema Kakule aliisifu sana.

Jumatano, 21 Januari

Mvua.

Alhamisi, 22 Januari

Mvua.

Ijumaa, 6 Februari

Kuna jambo. Picha inazidi kuwa nyeupe. Zamani ilikuwa uji, sasa ni maziwa. Kila mvua kubwa ikipita, maziwa yanaongezeka, na pembeni kunatokea mapovu madogo madogo. Nilipangusa kioo kwa leso yangu ya harusi, kidogo kidogo, juu ya ngozi yake. Wapi. Dorine akapita nyuma yangu akiangalia mawingu nje. Anahesabu mawingu siku hizi, mwanamke huyu.

Jumapili, 22 Februari

Kombe la Afrika la wachezaji wa nyumbani limeanza huko Abidjan, na timu yetu ya taifa imo. Nimetangaza avenue nzima: ikifika nusu fainali, inaangaliwa kwa Chola. Dorine ataloweka mahindi ya munkoyo, kinywaji chetu cha kienyeji, auze vikombe. Ndiyo siku ambayo 1080 italeta kitu mu nyumba. Isipoleta siku hiyo, haitaleta tena, maana mvua iko ukingoni. Leo niliona jua la saa nzima nikaogopa.

Alhamisi, 26 Februari

Picha ya leo: ukungu mtupu. Nimewaambia watu Abidjan kuna ukungu wa bahari, na kwamba tele ndogo haziwezi kuonyesha ukungu. Kabwe alikuwepo. Watu wakamgeukia. "Vile Ba Chola anasema, njo vile."

Jumatano, 4 Machi

Siku hii inastahili wino.

Nusu fainali, sisi na Zambia. Hebu fikiria: Zambia! Hapo mlangoni, tunakonunua sukari! Nusu ya avenue ina shemeji upande ule, na Dorine mwenyewe amezaliwa Mufulira. Umeme mweupe tangu mchana. Watu walijaa sebuleni, dirishani, mlangoni, hadi kwenye ukuta wa jirani. Ndoo mbili za munkoyo. Nikasimama mbele, nikasimulia msalaba (karatasi tano), nikawasha.

Maziwa.

Sauti ilikuwepo, uwanja unalia kabisa, lakini watu walikuwa vivuli wanaoogelea ndani ya maziwa. Nikasema, ukungu. Mtu mmoja akasema, "Ba Chola, ku kwa Kabwe hakuna ukungu." Wa mlangoni wakaanza kutoka. Kisha wa dirishani. Nilisikia viatu vyao kwenye matope vikienda nyumba ya tatu, na nilimwona Dorine ameshika kata ya munkoyo, hakuna wa kummiminia. Hakunikasirikia. Hilo ndilo lililoniumiza. Aliniangalia kama mtu anayemwangalia mgonjwa.

Akaweka kata chini. Akaja hadi kwenye tele, akainamisha kichwa, akaikwaruza pembe kwa ukucha.

"Mama Mado! Kioo!"

"Kioo gani? Ku kwa Ngalula tele haina hii ngozi. Ngalula aliniambia Kabwe aliibandua siku ya kwanza."

"Usiguse! Iko mupya!"

"Iko mupya, iko kipofu."

Akavuta. Ile sauti sitaisahau, kraaaa, ndefu, kama mtu anapasua shuka kubwa. Ngozi ikatoka yote, nyeupe kwa unyevu wa mvua yote ya tangu Novemba, ina mapovu kama mkate. Na nyuma yake, moja kwa moja, uso wa beki wetu, jasho linamtiririka puani.

Watu wakalia kama vile ni goli. Waliokwenda kwa Kabwe wakarudi mbio wakidhani ni goli. Nikapanda juu ya kiti, nikapaza sauti, "Shi niliwaambia? Nilikuwa ninaitunzia siku hii!" Wakanipiga na maganda ya karanga.

Tukashinda, mawili kwa moja. Zambia walipofunga lao, mtu mmoja tu alipiga makofi sebuleni mwangu, na mtu huyo ni mke wangu. Wakamwambia apakie vitu arudi Mufulira. Akawaambia, "Nirudi na hizi ndoo?" Wakanyoosha vikombe. Ndoo zote mbili zilikwisha.

Baadaye nilimuuliza Kabwe kama alijua habari ya ile ngozi.

"Tangu siku ile ya ukungu."

"Na ulinyamaza?"

"Ulisema ni ukungu ya Abidjan. Mbele ya bantu yote ile, mimi njo nikuondolee ukungu?"

Jumapili, 8 Machi

Fainali, sisi na Ghana. Watu hawaenei tena ndani. Tulitoa kila kitu uani chini ya turubai, maana mawingu yalikuwa meusi. Kabwe mwenyewe akaleta 720 yake juu ya baiskeli, tukaziweka meza moja, bega kwa bega, 1080 na 720, zote kwenye antena moja. Mvua yote nilikuwa nasubiri shindano hili.

Niandike ukweli wa macho yangu: kwa aliyekaa mbele kabisa, yangu ilikuwa kubwa na ya Kabwe ilikuwa kali zaidi. Kwa aliyekaa katikati, sawasawa. Kwa aliyesimama ukutani, zote zilikuwa taa mbili za rangi ya majani. Watu waligawanyika kambi mbili, wakatukanana vizuri sana, wakasahau kwa nini.

Bao la kwanza lilipoingia, kambi zikarukiana. Nilikumbatiwa na mtu ninayemdai radhi tangu mwaka juzi. Hakuna aliyejua ameliona kwenye tele ipi.

Kisha mvua ikaanguka, upepo ukapiga antena, picha zote zikaanza kuruka. Kabwe akatoka, akakumbatia mti wa antena kwa mikono miwili, akauelekeza. Picha zikatulia. Akiachia, zinaruka. Basi akabaki pale, mgongo kwetu, mvua inampiga. Halafu umeme ukawa mwekundu. 1080 ikalala, pap, bwana mkubwa. 720 ikaendelea. Watu wote wa kambi yangu wakahama kwa magoti, hakuna aliyeniaga.

Nikaenda kwa Kabwe.

"Njoo uangalie, mimi nitashika."

"Hapana, Ba Chola. Ukishika utaanza kuongea, antena itatikisika."

"Hutaliona bao lingine!"

"Nasikia."

Nikabaki naye. Kutoka pale tele huioni, unawaona watu tu: watu wengi, wote hawana kazi, midomo wazi, mwanga wa inchi ishirini na sita kwenye nyuso zao, Mado mabegani mwa Ngalula, Dorine ameshika kata na ameisahau hewani. Nikaona zile nyuso zinafunguka zote kwa pamoja. Kabwe akauliza, "Bao?" Nikamwambia, "Bao." Akaanza kuruka huku ameukumbatia ule mti, na tele ikaruka naye, na hakuna aliyelalamika.

Sisi ni mabingwa wa Afrika. Avenue imepiga sufuria hadi mifuniko imepinda. Nimecheza na kila mtu, hata na mbwa wa padri.

Jumatatu, 9 Machi

Sauti hakuna. Naandika tu.

Alhamisi, 26 Machi

Mvua ndogo. Dorine hahesabu tena mawingu. Mimi ndiye nahesabu.

Jumamosi, 4 Aprili

Siku nyingi bila tone. Nimeifunga 1080 kwenye blanketi mwenyewe, kabla Dorine hajaamka, nikaipakia kwenye mkokoteni hadi Kenya. Kakule aliiwasha, akapitisha kidole kwenye kioo, akauliza kwa nini ni safi hivi. Nikamwambia niliiachia ngozi. Akasema, "Wote mnaiachia," akatikisa kichwa kama mchungaji. Akanipa congélateur, na waya wa kuongezea bure. Siku wakianza kutuma picha kubwa, nirudi, tutaongea. Tumeshikana mikono.

Jumapili, 12 Aprili

Pasaka. Congélateur iko sebuleni, pale pale, na kitambaa cha mama mkwe juu yake. Ngozi ya plastiki Dorine aliibandua kabla haijavuka mlango. Inanguruma vizuri, na hata kwa umeme mwekundu inajikaza. Tomson wa kwanza wamekwisha kabla ya misa.

Mchana tulikula pamoja na nyumba ya Kabwe, bukari na samaki, halafu tukaangalia 720 kwake, watoto mbele. Nikasema kwamba congélateur ni ya nyumba mbili: Dorine na Ngalula watauza pamoja na kugawana sawasawa. Ngalula akaweka mkono mdomoni. Dorine, ambaye moyo wake ni mkubwa lakini hupenda kuelewa, akaniuliza:

"Sikatai. Lakini kwa nini sawasawa? Shi ni wewe ulivuta musalaba?"

Kabwe alikuwa ana mwiba wa samaki mdomoni. Akautoa haraka, akaanza, "Vile Ba Chola anasema..."

Nikamwambia anyamaze ale. Nikawaambia, na ninaandika vilevile nilivyowaambia: karatasi yangu ilikuwa nyeupe. Msalaba alivuta Kabwe. Aliniangalia usoni, akaniwekea msalaba mkononi, akasema, "Chukua ile kubwa, wewe njo unapenda kusimulia." Mimi sina bahati yoyote. Sijawahi kushinda kitu.